Motokaa Inayotoa Siri za Mwenyewe

Zamani mtu akitaka kujua jirani yake amekwenda wapi, ilimpasa kuuliza watu. Motokaa yenyewe haikusema neno. Leo sivyo. Motokaa nyingi mpya zina kompyuta ndani yake, na laini ya simu iliyofichwa. Kwa laini hiyo hupeleka habari kwa kampuni iliyoitengeneza, wala dereva hasikii hata mlio.

Ni habari gani hizo? Chombo cha kuonyesha njia chajua gari lilipo. Breki zajua zilipokanyagwa kwa ghafula. Motokaa nyingine zina kamera inayomtazama dereva, ili imwamshe akianza kusinzia. Na ukiunganisha simu yako na redio ya gari, huenda majina na namba za rafiki zako zikaingia humo.

Tusilaumu yote. Tangu mwaka 2018 sheria ya Umoja wa Ulaya yataka kila aina mpya ya motokaa iweze kuita msaada yenyewe inapopata ajali kubwa. Hilo ni jambo jema, maana laweza kuokoa roho za watu. Taabu huanza pale habari zako zinapofanywa bidhaa.

Sikilizeni kisa hiki. Mwezi Machi 2024 gazeti la New York Times lilieleza habari za mtu mmoja wa karibu na mji wa Seattle, Marekani, mwenye motokaa ya Chevrolet. Hakuwa amesababisha ajali hata moja. Hata hivyo, mwaka 2022 bima yake ilipanda kwa asilimia 21. Alipouliza sababu, akaambiwa kuwa iko taarifa juu yake katika kampuni ya LexisNexis. Akaiomba, akaletewa kurasa 258! Humo ziliandikwa safari 640 za miezi sita, zake na za mkewe: saa ya kuondoka, saa ya kufika, mwendo wa kasi, na kila breki ya ghafula. Aliyepeleka habari hizo ni General Motors, kampuni iliyotengeneza motokaa hiyo.

Mwezi Januari 2025 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilisema kwamba kampuni hiyo ilikuwa ikiandika mahali gari lilipo, pengine kila baada ya sekunde 3, bila ruhusa ya kweli ya wenye magari. Katika mapatano yaliyotangazwa, kampuni ilikatazwa kwa miaka 5 kuwapa habari za namna hiyo wale wanaowapima wateja kwa ajili ya bima na mikopo.

Je, jambo hili latuhusu sisi? Ndiyo. Motokaa nyingi za Afrika Mashariki huja kutoka Japan zikiwa zimekwisha kutumika. Mwaka 2023 Toyota ilitangaza kuwa habari za wateja wake kama 2,150,000 wa Japan, pamoja na mahali magari yalipokuwa, ziliachwa wazi kwa karibu miaka 10, kwa sababu ya kosa la utunzaji. Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu tangu 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Lakini sheria haimsaidii asiyeuliza.

Tena kuna hatari ya nyumbani. Mume mkali aliye na programu ya motokaa katika simu yake aweza kuona mkewe amekimbilia wapi. Kwa mama huyo, siri ya mahali alipo ndiyo usalama wake.

Basi tufanye nini? Ukiuza gari, kwanza futa majina, namba na njia zilizohifadhiwa. Ukinunua, mwambie muuzaji aiondoe motokaa hiyo katika simu yake mbele ya macho yako. Ikiwa ni mpya, uliza inapeleka habari gani, kwa nani, na jinsi ya kuzizuia. Usitie sahihi upesi kwa furaha ya kupewa ufunguo.

Wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Tuitumie motokaa, lakini tujue nani anasafiri pamoja nasi.