Konvensheni ya Anime Nairobi: Rada Yote Kama Unatoka Garissa

Kama uko Garissa na umemaliza Naruto yote, zile episodi 220 za kwanza na 500 za Shippuden, wewe si shabiki mdogo. Mara 720 umekaa chini ukaangalia boy mwenye kijiji kizima kilimkataa akiapa kwamba siku moja atakuwa Hokage. Umelia Jiraiya akienda. Umebishana na mbogi yako kwa baraza hadi usiku kuhusu Itachi. Lakini ukiulizwa kama umewahi kuingia kwa ukumbi wenye kila mtu anajua Itachi ni nani bila kuelezewa, wengi wetu huku tunanyamaza.

Tunanyamaza juu tunaamini hizo ni vitu za watoto wa Westlands. Zii. Kutoka Garissa hadi Nairobi ni karibu kilomita 370. Ni mbali, ndio, lakini watu wa huku hutembea hiyo barabara kila siku kwa sababu ya hospitali, shule na biashara. Unaweza itembea pia kwa sababu ya kitu unapenda. Mimi college niliachia katikati, kwa hivyo usiogope, hii si lecture. Ni rada tu.

Konvensheni ni nini haswa?

Chukulia harusi kubwa yenye haina bibi harusi. Kila mtu amevaa, kila mtu anapigwa picha, na hakuna mtu anakuuliza umealikwa na nani. Hiyo ndio konvensheni: siku moja, mbili ama tatu zenye mashabiki wanakutana mahali pamoja.

Ndani utapata vibanda vya wachoraji wanauza komiki zao, picha, stika na beji. Utapata wasee wanapigana Tekken na kandanda ya video, na umati nyuma yao unapiga kelele kama uko uwanjani. Kuna jukwaa lenye watu wa katuni na komiki wanaeleza vile wanafanya kazi. Halafu kuna kosplei, yaani kuvaa kama mhusika mwenye unampenda, na mara nyingi kunakuwa na mashindano na zawadi.

Hii kitu si ya jana. 1939 huko New York, kwa mkutano wa kwanza wa dunia wa mashabiki wa hadithi za sayansi, watu wawili walikuja wamevaa kama watu wa miaka ijayo. Ndio hao wanahesabiwa mababu wa kosplei. Japani nayo ilianza Comiket mwaka wa 1975, na leo inajaza mamia ya maelfu ya watu.

Kwetu Kenya, jina kubwa ni NAICCON, yaani Nairobi Comic Con, yenye ilianza 2013. Imewahi kufanyika pale Sarit, Westlands. Hiyo inachanganya kila kitu: komiki, gemu, filamu na anime. Kuna pia Otamatsuri, yenyewe imejengwa juu ya mashabiki wa anime. Matsuri kwa Kijapani ni sherehe, kwa hivyo jina linajieleza. Tarehe na bei hubadilika kila mwaka, so angalia kurasa zao rasmi kabla hujatuma hata shilingi, na usinunue tiketi kwa msee amekutext tu DM.

Kosplei na stara

Hapa ndio wengi hukwama, hasa madem. Unafikiria lazima uvae minisketi ya Sailor Moon ndio uhesabiwe. Hapana. Malaysia na Indonesia kuna madem wamefanya kosplei na hijabu kwa miaka mingi hadi imekuwa mtindo wake. Wanatumia mtandio wa rangi ya nywele za mhusika, wanaufunga kufuata ile shepu, na unamtambua kutoka mbali.

Na kusema ukweli, anime imejaa nguo zenye mathe mwenyewe angepitisha. Angalia koti la Akatsuki: jeusi, refu hadi miguuni, mikono mipana. Hiyo ni abaya yenye imeshonewa mawingu mekundu. Haori ya Tanjiro kwa Demon Slayer, ile ya miraba ya kijani na nyeusi, unaivaa juu ya nguo yoyote ndefu. Kile kitambaa cha Konoha kinakaa fiti juu ya hijabu. Kakashi naye amefunika uso robo tatu tangu 1999, na hakuna mtu amewahi kumuuliza.

Usinunue kitu imetengenezwa nje kama huna ganji. Nunua kitambaa, mpelekee fundi picha tatu: mbele, nyuma na upande. Mwambie ni nguo ya mchezo wa kuigiza, atakuelewa haraka kuliko ukianza kueleza Sharingan. Kama unapitia Islii, kitambaa utapata hadi uchoke. Na usisahau kwamba mall za Islii zilianzia kwa jengo linaitwa Garissa Lodge. Kabla ya kuwa maduka ilikuwa gesti. Yaani jina la mtaa wetu limekuwa likiuza nguo Nairobi kabla wewe hujazaliwa.

Barabara: soma hii mara mbili

Mtoto wa Kilimani akienda konvensheni anaita teksi. Wewe una bas, daraja la Tana, Madogo, Bangale, Ukasi, Mwingi, Thika. Na kati ya hapo una vizuizi vya polisi, na unajua vile huenda: bas inasimama, watu wanatolewa, kipande mkononi.

Kwa hivyo sheria ya kwanza: kama umefika 18, usitoke bila kitambulisho. Kama bado, beba kopi ya cheti cha kuzaliwa na kadi ya shule, na usafiri na mtu mzima.

Najua kwa wengine hapo ndio stori inaishia. Kupata kipande huku haijawahi kuwa rahisi. 1989 serikali ilifanya msako wa kuchuja Wasomali wa Kenya peke yao na kuwapea kadi za waridi. Baadaye ikabaki vetting, yenye ulikuwa unakaa mbele ya wazee na maofisa uthibitishe wewe ni Mkenya, wakati jirani yako wa Thika anachukua tu kipande na kwenda. Kuna hata vijana Wakenya kabisa wenye waliandikishwa Dadaab kama wakimbizi wakiwa wadogo, njaa ikiwa imebana familia, na hiyo alama ya vidole ikawafungia mlango miaka mingi. Februari 2025 Rais Ruto akiwa Wajir alitia saini tangazo la kumaliza hiyo vetting ya ziada. Kwa hivyo kama ulikuwa umekata tamaa, rudi kwa ofisi ya usajili ama Huduma Centre sasa, si wiki ya konvensheni. Hata kama konvensheni haikushikii, kipande utakihitaji kwa kila kitu ingine.

Sheria ya pili: usibebe silaha ya bandia kwa bas. Najua umetengeneza upanga wa Zoro na umepaka rangi hadi unang'aa. Walai, usiupitishe kwa kizuizi cha barabara ya Garissa. Kunai ya mbao ndani ya begi, usiku, na karao mwenye hajawahi kuskia Naruto? Hiyo maelezo itakuwa ndefu. Beba kadibodi, gundi na rangi, halafu utengenezee Nairobi. Hata konvensheni zenyewe hazitaki chuma wala kitu chenye makali, kwa hivyo sponji na kadibodi ndio njia.

Sheria ya tatu: safiri na nguo za kawaida. Koti na maski zikae kwa begi. Na ondoka siku moja kabla. Bas za kwetu nyingi huishia Islii, na huwezi shuka saa kumi na moja jioni umechoka ukitegemea kuwahi mashindano ya asubuhi.

Kuongea na wazazi

Ukiambia hooyo "naenda Nairobi kuangalia katuni," umejichoma mwenyewe. Kwake katuni ni ya mtoto wa miaka sita. Eleza kazi iliyo ndani. Mwambie kuna wachoraji wanauza kazi zao, kuna watu wanatengeneza gemu, na hii imekuwa riziki. Shujaaz, ile komiki ya Sheng yenye ilianza 2010, ilichorwa hapa hapa Kenya na ikashinda International Emmy. Super Sema, yenye Lupita Nyong'o ni mmoja wa watayarishaji wake, ilitoka 2021. Ng'endo Mukii, Mkenya, aliongoza filamu moja kwa mkusanyiko wa Kizazi Moto wenye Disney+ ilitoa 2023. 

Halafu mpe mpango, si ombi. "Hooyo, nalala kwa eedo Islii. Naenda na Abdi. Saa kumi na mbili jioni tumerudi nyumbani, na nitakupigia simu nikifika na nikitoka." Mpango wenye una nyumba ya jamaa ndani yake hupita haraka kuliko machozi.

Ganji

Gawa mafungu matano: nauli ya kwenda na kurudi, tiketi, nguo, dishi na mat za mjini, halafu ya dharura. Nauli ya kurudi iweke kando kabisa, kwa laini ingine ama kwa abti. Mashabiki wengi hukwama Nairobi si juu ya tiketi, ni juu ya stika na beji.

Ukiweka finje kila siku kwa siku 90, umefika 4,500. Si utajiri, lakini ni doo zenye umezitoa mwenyewe, na zinakupea sauti kwa ile mazungumzo na wazazi.

Ukifika ndani

Fika mapema, laini ya kuingia huwa ndefu. Kunywa maji. Beba koti la baridi kama ni Julai ama Agosti, juu Nairobi hiyo miezi haina huruma kwa mtu ametoka kwa jua letu. Uliza dishi kama ni halali kabla ya kulipa. Swala isikupite: panga na wenzako, mmoja achunge begi wengine waende, Parklands iko jirani na misikiti haikosekani.

Ukiona kosplei imekubamba, omba ruhusa kabla ya picha, na usiguse mtu wala nguo yake. Mtu akivaa vibaya kidogo usimcheke, labda ameshona usiku kucha. Na tafadhali usimwage mwisho wa Attack on Titan kwa laini ya choo.

Kama wewe ni mtu wa aibu, simama tu kwa vibanda vya wachoraji na uulize, "Hii ulichora na nini?" Hilo swali linafungua nusu saa ya stori.

Na Garissa je?

Comiket ya kwanza 1975 ilikuwa na vikundi 32 na watu karibu 700. BronyCon ya Marekani, ya mashabiki wa My Little Pony, ilianza 2011 na watu karibu 100. Ikifungwa 2019 ilikuwa imepita 10,000. Hakuna mtu alingoja ukumbi mkubwa ndio aanze.

Hapa mjini tuko na chuo kikuu, na tuko na maktaba ya KNLS, ile ile yenye tangu 1996 imekuwa ikipelekea watu wa mbali vitabu kwa ngamia. Mji wenye ulifikiria kupakia vitabu kwa mgongo wa ngamia hauwezi shindwa na projekta moja, viti 40, na meza ya mtu mwenye anachora. Mchana mmoja, episodi mbili, mashindano madogo ya kosplei, chai ya maziwa ya ngamia, watu waende nyumbani kabla ya Maghrib.

Lakini nenda Nairobi kwanza uone vile wao hupanga laini, meza na jukwaa. Andika kila kitu kwa simu. Halafu rudi, kusanya mbogi, na uwaambie mnaanza lini.