Bomba Linalong'aa, Hewa Ileile

Msimu wa mavuno, fungua boneti ya Probox yoyote inayobeba mizigo kati ya Moi's Bridge na Kitale, uchomoe kichujio cha hewa. Karatasi iliyotoka dukani ikiwa nyeupe sasa ina rangi ya udongo, na makapi ya mahindi yamenasa kwenye mikunjo. Fundi anakigongagonga kwenye tairi, vumbi linatimka. Hapo ndipo mwenye gari huuliza: nikitoa boksi hili la plastiki nikafunga bomba la chuma linalong'aa, lenye kichujio cha koni, si gari litachanganya haraka zaidi?

Ana sababu ya kuuliza. Kila gramu 1 ya petroli huhitaji karibu gramu 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Injini ya lita 1.5 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho, huvuta karibu lita 2,000 za hewa katika dakika hiyo. Mvutaji wa namna hii ukimpanulia njia, unaonekana umemsaidia.

Lakini mwizi wa nguvu huku kwetu ni mwinuko. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na ya Mombasa. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Kichujio safi cha karatasi huzuia kidogo mno kikilinganishwa na hasara hiyo. Hata ukikitupa kabisa, gari litavuta hewa ya Moi's Bridge, halitavuta ya Mombasa.

Tena koni ikiachwa wazi chini ya boneti, huvuta joto la injini. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 30, uzito wake kwa kila lita hushuka kwa karibu asilimia 9. Lile boksi la plastiki linalodharauliwa kwa kawaida huvuta hewa ya mbele, iliyo baridi. Kinachoongezeka kwa hakika ni mlio, na sikio hupokea nguvu ambazo tairi hazijaziona.

Na mafuta, je, yatapungua? Ukiendesha taratibu, kilango kilicho ndani ya njia ya hewa huwa kimefunguka kidogo tu. Kupanua lango la boma hakuongezi wageni ikiwa mlango wa nyumba umeegeshwa. Mwaka 2009 watafiti wa maabara ya Oak Ridge, Marekani, walipima magari ya kisasa yenye vichujio vilivyoziba: ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha maana, ila kuchanganya kulizorota. Wazee waliosema kichujio kichafu hula mafuta hawakukosea. Walikuwa wakiendesha magari ya kabureta, yasiyo na kompyuta ya kurekebisha kipimo.

Kazi kubwa ya kichujio ni kuzuia vumbi. Ndani ya vumbi hilo mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikipenya, husaga ringi za pistoni hadi injini ianze kula oili na kutoa moshi wa buluu. Vichujio vya pamba vya kupakwa mafuta vinataka uangalifu: mafuta yakizidi, huchafua kihisi kinachopima hewa. Hata magari ya Safari Rally, yaliyorejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, huinuliwa bomba la hewa hadi usawa wa paa ili kukwepa vumbi na maji.

Basi pesa ya bomba nunua vichujio vya karatasi, na wakati wa kupukuchua mahindi uvikague kila wiki. Kishike juani. Mwanga ukipenya mikunjo yote, kirudishe. Usipopenya, kimeziba. Ukichomoza mahali pamoja tu, kama tundu la sindano, kimetoboka: hicho usikirudishe hata kwa safari ya kufika Kitale.