Kwa Nini Isale la Barazani Huungua Ncha?

Je, wajua kwamba isale lililopandwa kama uzio wa shamba la migomba juu ya Tengeru huweza kukaa miaka na miaka likiwa kijani kibichi bila kuhudumiwa na mtu, wakati ndugu yake aliyewekwa kwenye chungu barazani, mjini Arusha, akinyweshewa maji na kufutwa vumbi, anaungua ncha za majani mwezi baada ya mwezi?

Isale si mmea dhaifu. Wataalamu wa mimea hulijua kama Dracaena fragrans, na kwao ni misitu ya Afrika ya kitropiki. Kilimanjaro Wachagga hulitumia kuweka mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na aliyemkosea mwenzake humpelekea isale kuomba radhi. Ukikata kipande cha shina na kukichomeka ardhini, kinachipua. Ulaya na Marekani limekuwa pambo la ofisi na hoteli kwa sababu hiyo hiyo: huvumilia kivuli, husahaulika wiki mbili na bado likabaki hai. Mmea wa namna hii ukiungua majani huku unatunzwa, basi kipo kitu kingine kinachouunguza, na mara nyingi sana kitu hicho kimo ndani ya maji yenyewe.

Chukua jani moja lililoungua ulitazame kwa karibu. Kifo kimeanzia nchani kabisa. Sehemu iliyokufa ni ya kahawia, kavu, ukiikunja inavunjika. Kutoka nchani kimeteremka kwa kingo mbili za jani, kushoto na kulia, huku katikati kukiwa bado kuna kijani safi. Mahali kahawia inapokutana na kijani pamekatika wazi, mara nyingine pakiwa na utepe mwembamba wa njano au wa rangi iliyokolea zaidi. Aghalabu majani ya chini, ambayo ndiyo ya zamani, yameumia kuliko yale machanga ya juu.

Umbo hilo la jeraha linaeleza safari ya maji. Mizizi huvuta maji, shina huyapandisha, na jani huyatoa hewani kama mvuke kupitia vitundu vidogo sana. Kilichoyeyuka ndani ya maji hakitoki na mvuke, sawa na sufuria ya maji ya chumvi inayochemshwa mpaka ikauke. Safari inaishia kwenye ncha na kingo, kwa hiyo mzigo wote unatuliwa hapo. Madini mengi mmea huyatumia au huyahamisha. Lakini floridi, moja ya vitu vinavyoyeyuka katika maji yetu, haihami. Inarundikana siku baada ya siku, inavuruga kazi za chembe hai za jani, na chembe hizo zinakufa. Jamii ya masale ni miongoni mwa mimea inayoumizwa na floridi kwa urahisi mno. Maji yenye miligramu 1 tu kwa lita yanaweza kutosha kuyaunguza.

Sasa fikiria mahali tulipo. Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, ni volkano iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Miamba na majivu yake yana floridi nyingi. Maji yanayopenya humo yana magadi mengi na chokaa kidogo, na hilo ndilo tatizo lenyewe, kwa maana chokaa ndiyo ambayo ingeinasa floridi na kuitoa kwenye maji. Chemchemi za juu, upande wa kusini wenye mvua nyingi, kwa kawaida ni nafuu. Kadiri maji yanavyokaa ardhini na kuteremka ndivyo yanavyobeba zaidi. Mto wa Maji ya Chai umepimwa na kukutwa na zaidi ya miligramu 10 kwa lita, na maziwa ya Momella yana mamia. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5. Tanzania iliwahi kuruhusu mpaka 8, ikashuka hadi 4, na sasa nayo imefika 1.5. Yeyote aliyekulia kati ya Usa River na Ngarenanyuki anayajua meno ya kahawia ya watoto, na wako walioharibika hata mifupa. Hilo ni jambo zito kuliko jani lolote, na linastahili kusemwa hata katika makala ya maua.

Angalia basi tofauti ya viwango. Maji ya miligramu 1.2 yamekidhi sheria na binadamu anayanywa, lakini isale bado linaweza kuungua nayo.

Mbona basi uzio wa shambani hauungui? Kwanza, unanyweshwa na mvua, na maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba. Pili ni udongo, na hapa ndipo napenda kukawia. Udongo wa majivu ya volkano una madini yanayoikamata floridi kwa nguvu. Wataalamu huupima kwa njia ya kupendeza: karatasi yenye kiashiria cha kemikali huwekewa udongo kidogo, kisha hudondoshewa myeyusho wa floridi ya sodiamu. Udongo wa majivu huinyakua floridi na kuachia alkali badala yake, na karatasi inageuka nyekundu mbele ya macho yako. Udongo ule ule unaotokana na mlima unaotupa floridi hubakiza sehemu yake isifike kwenye mizizi. Chungu cha barazani hakina bahati hiyo: udongo ni kidogo, mara nyingi umechanganywa na mchanga na samadi, mvua haifiki, na kila siku inaongezwa kata nyingine ya maji ya bomba au ya kisima.

Kabla ya kuilaumu floridi, ondoa washukiwa wengine. Jua kali huunguza katikati ya jani, doa lililopauka upande unaotazama jua, wala halifuati kingo. Kiu huanza kwa majani kulegea, na udongo ukiuchoma kidole unaukuta mkavu. Maji yaliyozidi huleta umanjano wa majani ya chini na shina linalobonyea. Ukungu huacha madoa yaliyotawanyika, mara nyingine yenye vidoti vyeusi, na huhamia mmea wa jirani. Mbolea ikizidi huacha ukoko mweupe juu ya udongo na kwenye mdomo wa chungu. Huko Japani na Ulaya watu wanaopenda mti wa mepo (maple) hukutana na kuungua kwa kingo vilevile, ila wao kisa chao mara nyingi ni upepo mkavu na jua vinavyokausha jani haraka kuliko mizizi inavyoweza kulipa. Kwa sura hufanana. Tiba ni tofauti.

Jirani akiona ncha zimekauka atakwambia, "Mama, zidisha maji." Ukizidisha maji hayo hayo, umezidisha floridi. Wengine huyachemsha kwanza. Kuchemsha huua vijidudu tu. Maji yakipungua sufuriani floridi iliyobaki inakolea zaidi. Kuyalaza kwenye ndoo usiku kucha huondoa klorini, floridi inabaki palepale. Na maji yaliyooshea sufuria ya makande yaliyopikwa kwa magadi usiyamwage kwenye chungu kamwe, kwani magadi ya ukanda wetu nayo yana floridi.

Dawa bora inatoka angani. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wa vuli, kinga maji ya bati. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi, kisha jaza pipa. Isale halinywi sana, pipa moja litalifikisha mbali. Badilisha udongo wa zamani, changanya mboji na chokaa ya kilimo kidogo, maana udongo wenye asidi huachia floridi kirahisi zaidi. Mbolea za fosfeti zinazotokana na mwamba, ikiwemo ya Minjingu, huwa na floridi kwa asili. Zinafaa sana kwenye mahindi, lakini zisiwekwe kwenye chungu hiki.

Ncha zilizokufa hazifufuki. Zikate kwa mkasi mkali ukifuata umbo la jani, na ubakize uzi mwembamba wa kahawia ili usijeruhi sehemu iliyo hai. Kisha subiri majani mapya. Hayo ndiyo yatakayokwambia kama umepatia.

Jambo moja usilifanye: usilitumie isale kuamua kama maji yako yanafaa kunywewa na watoto. Linaumia mapema mno, na kiu au mbolea huweza kulidanganya jicho. Jaza chupa safi ya plastiki uipeleke maabara ya maji. Ngurdoto kipo kituo cha utafiti wa kuondoa floridi, ambako mkaa wa mifupa ya ng'ombe hutumika kuchujia maji, na pale Tengeru, Taasisi ya Nelson Mandela, ndipo alipofanyia kazi Askwar Hilonga, ambaye chujio lake lilimpatia Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015. Maji yaliyochujwa hivyo, floridi ikiwa imeshuka, mpe mtoto kwanza. Isale litangoja mvua.