Sura ya 6: Nguvu kwa Zamu

Funga nozeli nyekundu kwenye mashine ya presha, ile ya nyuzi 0, kisha elekeza maji kwenye pevingi zilizoota ukoga wa kijani. Utaweza kuandika jina lako. Maji yanatoka membamba kama kijiti cha mshikaki na kukwangua ukoga mpaka saruji inang'aa, lakini mstari wake haufiki upana wa kidole. Uwanja wa nyumba moja utakumalizia siku. Sasa itoe nyekundu, weka ya kijani, nyuzi 25. Maji yanafunguka kama upepeo, unafagia upana wa kiganja kwa mkupuo mmoja, ila ukoga uko palepale. Umelowa tu.

Kwenye pengo hilo ndipo inapoingia nozeli ya kuzunguka, ambayo waosha magari wengi wanaiita turbo. Wapo wanaoamini inaongeza presha. Haiongezi hata chembe. Mashine ya lita 9 kwa dakika na presha ya bar 170 itabaki hivyohivyo kwa nozeli yoyote inayolingana nayo, na msukumo wote wa maji yake, ukiupima kwenye mizani, haufiki kilo 3. Suala ni unavyozigawa kilo hizo. Nozeli ya kijani inazitandaza zote kwa pamoja, na kila sehemu inapata kidogo. Nyekundu inazilundika pamoja. Turbo nayo inazilundika, kisha inazipeleka kila mahali kwa zamu. Ukilishika neno hilo, zamu, mengine yote ya sura hii yatafuata yenyewe.

Ndani ya kikombe

Kwa nje ni kikombe kinachojaa kiganjani, mara nyingi kimevalishwa koti la plastiki ngumu au mpira. Ndani kuna kijiti kifupi chenye ncha iliyotobolewa. Kwa mashine niliyoitaja, tundu lenyewe lina takriban milimita 1.1. Ncha imekaa kwenye kikalio cha kauri chenye umbo la bakuli, kama mchi ndani ya kinu. Maji hayaingii kwa kunyooka. Yanaingilia ubavuni, yanazunguka ndani ya kikombe kama yanavyozunguka yakishuka kwenye tundu la sinki, na kijiti kinachukuliwa nayo. Sehemu ya juu inazunguka ikiegemea ukuta, huku ncha ikibaki kwenye kikalio. Mtwangaji akimaliza kutwanga huzungusha mchi kwenye kingo za kinu kukusanya unga. Huyu wa ndani ya turbo anazungusha kiasi cha mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kila sekunde.

Jicho haliwezi kufuata kasi hiyo, ndiyo maana unaona koni ya ukungu. Koni hiyo haipo. Ipo sindano moja tu, ileile ya nozeli nyekundu, inayochora duara haraka mno. Kwa nozeli ya koni ya nyuzi 20, ukiishika sentimita 25 kutoka sakafuni, duara linapata upana wa karibu sentimita 9. Ukisogeza mkono sentimita 30 kwa sekunde, kila duara linalipita lililotangulia kwa milimita 6 tu, na ukoga hauna pa kujificha. Ukikimbiza mkono mita 2 kwa sekunde, maduara yanaachana kwa sentimita 4.

Hilo nililijua kwenye uwanja wa shemeji yangu, jioni moja giza likituharakisha. Sakafu ilipokuwa imelowa, ilionekana safi kabisa. Asubuhi ilipokauka, uwanja mzima ulikuwa umejaa pete, mfano wa springi iliyolazwa na kuvutwa. Shemeji aliniuliza kama hayo ni mapambo. Tulirudia kazi yote, safari hii mkono ukitembea kwa mwendo wa mtu anayepaka rangi.

Namba kabla ya bei

Dukani usiulize kama wana turbo. Uliza wana namba ngapi. Turbo huchongwa namba kama 030, 035, 040 au 045, yaani 3.0, 3.5, 4.0 na 4.5. Namba 1 maana yake ni tundu linalopitisha galoni moja ya Marekani, karibu lita 3.8, kwa dakika chini ya presha ya psi 4,000, ambayo ni takriban bar 275.

Kupata namba yako, chukua lita za mashine kwa dakika, gawa kwa 3.8. Kisha gawa 275 kwa bar za mashine yako, utafute kipeuo cha pili cha jibu hilo. Zidisha hayo mawili. Kwa lita 9 na bar 170 unapata 2.37 mara 1.27, sawa na 3.0. Turbo yako ni 030.

Usiyaamini maandishi ya kwenye boksi peke yake. Toa nozeli, washa mashine, kinga maji kwenye ndoo ya lita 20 huku ukitazama saa. Mashine ya lita 9 kwa dakika itaijaza kwa dakika 2 na sekunde 13 hivi. Ikichukua dakika 3, lita zako ni chini ya 7, na hesabu ianze upya.

Kwa nini usumbuke hivi? Chukua mashine hiyohiyo uifunge namba 4.0. Tundu limekuwa kubwa, maji yanapita bila kusukumana, na presha inashuka kutoka bar 170 hadi karibu bar 96. Umenunua kifaa cha kukwangua, sasa kinamwagilia. Ukifunga ndogo, 2.5, presha inataka kupanda kupita kiwango. Vali ya usalama inarudisha sehemu ya maji kwenye pampu, nayo yakizunguka humo yanapata moto na kuzila sili. Soma pia presha ya juu inayoruhusiwa na turbo yenyewe, isiwe chini ya ile ya mashine. Kama unaosha kwa maji ya moto, angalia na kiwango cha joto.

Mkononi

Kabla ya kubonyeza, inamisha bunduki mdomo utazame chini. Kijiti cha ndani hakijafungwa kwa skrubu, kimelala tu. Ukiwasha nozeli ikitazama juu, ncha inaweza kuwa imetoka kwenye kikalio, na maji yakija kwa kishindo yanaigonga kauri juu ya kauri. Kauri haichakai upesi, lakini kwa kupasuka ni sawa na kikombe cha chai.

Anza ukiwa mbali, sentimita 60 hivi, kwenye kipande kisichoonekana. Sogea kidogokidogo mpaka uchafu uanze kung'oka, kisha simama hapo. Ukoga ukishatoka, kinachofuata kutoka ni saruji. Sabuni isubiri nozeli nyeusi ya presha ndogo, kwa maana turbo haiachi presha ishuke kiasi cha mashine kuvuta sabuni.

Kuna vitu visivyovumilia zamu hata moja. Mbao laini zitachanika nyuzi. Rangi ya gari itabanduka palipo na ufa. Kuta za zamani za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, za mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa, zitaliwa kama sukari guru. Paa la asbesto usiliguse kabisa, nyuzi zake zinaharibu mapafu.

Halafu kuna tairi. Mwenye lori mmoja alisimama juu ya kijana aliyekuwa akiondoa tope chini ya chesisi, kazi ambayo turbo inaiweza vizuri.

"Dogo, piga na tairi basi, liwe jeusi."

"Hapana mzee wangu, tairi naliosha kwa brashi. Hii ikilijeruhi ndani hutaona leo. Utaona ukiwa barabarani na mzigo."

Kijana alikuwa sahihi. Maji ya sindano yanaweza kuharibu ukuta wa tairi bila kuacha jeraha la kuonekana, na tairi likapasuka siku nyingine.

Ngozi ni laini kuliko tairi. Maji haya yakiingia kidoleni yanaacha tundu dogo lisilotoa hata damu nyingi, lakini ndani yamebeba uchafu kwenye mishipa na misuli. Jeraha hilo ni la kukimbiziwa hospitali saa hiyohiyo hata kama haliumi. Vaa buti na miwani, na usielekeze bunduki kwa mtu hata kwa utani.

Sikiliza

Adui wa turbo ni mchanga na chumvi. Maji ya kisima yapitishe kwenye chujio kabla ya pampu, na mpira mpya uache umwage maji kwanza bila nozeli. Baada ya kazi, suuza kwa maji safi, toa nozeli, kung'uta maji yaliyobaki.

Kisha uzoee sauti yake. Turbo nzima ina mngurumo mmoja uliotulia. Mngurumo ukianza kukatakata, kijiti kinakwama au kikalio kimeliwa. Ukikoma ghafla huku maji bado yanatoka, achia kitufe papo hapo, kwa maana zamu zimekwisha. Ulichoshika si turbo tena, ni nozeli nyekundu iliyosimama mahali pamoja, nawe bado unasogeza mkono polepole kama mtu anayepaka rangi.