Koko Networks: barua moja iliyokosekana, na somo kwa wenye kampuni changa Kongo

Mwishoni mwa Januari 2026, kampuni ya Koko Networks ilisimamisha kazi zake nchini Kenya na kuwaachisha kazi watu wapatao 700. Zaidi ya familia milioni 1.5 zilizokuwa zikipika kwa ethanoli yake zilijikuta na majiko mazima yasiyo na mafuta. Kampuni hiyo haikukosa wateja, na majiko yake hayakuwa mabovu. Ilichokosa ni barua moja kutoka serikalini.

Habari hiyo ilipita haraka upande huu wa Kongo, na si ajabu, maana watu wana mengine ya kufikiria. Lakini kwa kijana wa Goma, Bukavu au Lubumbashi anayeanzisha kampuni ya majiko bora, ya umeme wa jua, ya kuchakata takataka au ya kununua kahawa ya wakulima, ni kisa cha kukisoma taratibu. Wengi wao huona sheria za tabianchi kuwa mambo ya mawaziri wanaopanda ndege kwenda kwenye mikutano ya COP. Kisa cha Koko kinaonyesha kuwa sheria hizo zinaweza kuamua bei ya jiko dukani.

Kazi ya Koko ilieleweka kwa urahisi. Iliweka mashine za kuuzia mafuta katika maduka ya mitaani, kama mashine za benki za kutolea pesa. Mama alifika na mtungi wake mdogo, akalipa kwa simu, akajaziwa ethanoli ya pesa aliyo nayo, hata kama ni ya mlo mmoja tu. Jiko na mafuta viliuzwa kwa bei ya chini kuliko gharama yake halisi, ndiyo maana watu wa kipato kidogo waliacha makaa. Pengo kati ya bei na gharama lilitegemewa kuzibwa na mauzo ya hati za kaboni.

Hati moja ya kaboni inasimama kwa tani moja ya hewa chafu ambayo haikuingia angani. Familia ikiacha makaa, miti haikatwi na moshi unapungua. Upungufu huo unahesabiwa, unakaguliwa, kisha unauzwa kwa anayetaka kufidia uchafuzi wake. Wanunuzi wanaolipa vizuri ni mashirika ya ndege, ambayo chini ya mpango wa kimataifa uitwao CORSIA yanatakiwa kufidia sehemu ya moshi wa ndege zao. Ila wao hawawezi kutumia hati yoyote tu. Hati lazima iwe na barua ya idhini kutoka nchi ilikotoka.

Hapo ndipo kifungu cha 6 cha Mkataba wa Paris wa 2015 kinapoingia. Nchi ikitia saini barua ya idhini, inaahidi kutohesabu tena tani zile katika malengo yake yenyewe. Kama Kenya imeruhusu tani milioni moja ziuzwe nje, haiwezi kurudi baadaye kujisifu kwamba imepunguza tani hizo hizo. Kanuni za hesabu hizi zilikubaliwa Glasgow mwaka 2021. Bila barua, hati zinaweza kuuzwa katika soko la hiari, lakini kwa bei iliyo chini mno, na Koko ilikuwa imepanga biashara yake juu ya bei ya juu.

Serikali ya Kenya haikutoa barua hiyo. Upande wake ulieleza kwamba kampuni moja ingechukua sehemu kubwa mno ya kiasi ambacho nchi inaweza kuruhusu kuuzwa nje, na wengine wangekosa. Si hoja ya kipuuzi. Tani za kupunguza kwa gharama ndogo ni kama shamba zuri la karibu na barabara: ukilitoa lote kwa mtu mmoja, wewe mwenyewe utabaki kulima mlimani. Familia zilizorudi kwenye makaa nazo zina hoja yao.

Wala Koko haikuwa kampuni ya watu wasiojua sheria. Mwaka 2025 MIGA, tawi la Benki ya Dunia linalokinga wawekezaji dhidi ya hatari za kisiasa, liliipa dhamana ya karibu dola milioni 180. Mtu hanunui kinga ya aina hiyo bila kujua moto unaweza kutokea wapi. Tatizo lilikuwa mahali pengine: bei ya kila siku dukani ilishushwa kwa kutegemea pesa ambayo ingekuja tu baada ya saini ya serikali. Kujua kwamba saini inahitajika ni jambo moja. Kupanga biashara inayoweza kuishi miaka miwili bila saini hiyo ni jambo jingine kabisa, na hilo ndilo ambalo wenye kampuni changa hawalizungumzi vya kutosha mbele ya wawekezaji wao.

Kenya si nchi pekee. Mei 2023 Zimbabwe ilitangaza kufuta mikataba yote ya kaboni iliyokuwepo na kudai nusu ya mapato kwa ajili ya serikali, kabla ya kulegeza kanuni hizo miezi michache baadaye. Kenya yenyewe ilikuwa imebadilisha sheria yake ya tabianchi Septemba 2023, ikaongeza kanuni za soko la kaboni mwaka 2024, pamoja na sehemu ya mapato inayopaswa kwenda kwa jamii. Kampuni iliyoanza kabla ya hapo ilijikuta inacheza mpira ambao mistari ya uwanja inachorwa wakati mchezo unaendelea.

Kongo nayo inachora mistari yake. Mwaka 2023 nchi ilirekebisha sheria ya mazingira ya 2011 na kuweka msingi wa soko la kaboni, pamoja na mamlaka ya kulisimamia, ARMCA. Katika ahadi yake ya 2021 chini ya Mkataba wa Paris, Kongo ilisema itapunguza hewa chafu kwa asilimia 21 ifikapo 2030, sehemu kubwa kwa sharti la kupata msaada kutoka nje. Maana yake kwa mwenye kampuni ya majiko ni hii: siku moja Kinshasa nayo italazimika kujiuliza kama tani zinazookolewa kwenye mbabula za Goma zihesabiwe kwa Kongo au ziuzwe kwa shirika la ndege la mbali. Karibu familia zote za nchi hii bado zinapika kwa kuni na makala, na kwa mji kama Goma sehemu ya makala hiyo imekuwa ikitoka ndani ya hifadhi ya Virunga. Soko la jiko bora ni kubwa. Kwa sababu hiyo hiyo swali la nani mwenye tani litakuwa kubwa.

Sheria, hata hivyo, haifungi milango tu. Kabla ya 2014 umeme wa Kongo ulikuwa mikononi mwa SNEL. Sheria namba 14/011 ya Juni 17, 2014 iliruhusu watu binafsi kuzalisha na kuuza umeme, na bila mlango huo ingekuwa vigumu kufikiria kampuni kama Nuru. Kampuni hiyo ilianza na mtandao mdogo wa umeme wa jua huko Beni mwaka 2017, na mwaka 2020 ikawasha kituo cha megawati 1.3 katika kartiye ya Ndosho, Goma. Mwaka 2023 ilipata zaidi ya dola milioni 40 kutoka kwa wawekezaji, miongoni mwao IFC ya Benki ya Dunia. Hakuna mwekezaji wa kiasi hicho anayeweka pesa kwenye nyaya zisizo na kibali. Vita vilivyoikumba Goma tangu Januari 2025 ni sura nyingine ya kuhuzunisha, ambayo hakuna sheria ya umeme ingeweza kuizuia.

Kuna pia sheria iliyoandikwa ambayo sokoni haionekani. Amri ya Desemba 30, 2017 ilipiga marufuku kutengeneza, kuingiza na kuuza mifuko ya plastiki nchini Kongo. Yeyote aliyekwenda soko la Kinshasa au Lubumbashi tangu wakati huo anajua hali ilivyo. Kijana aliyekopa pesa anunue mashine ya mifuko ya karatasi, akiamini amri hiyo itamletea wateja wote, alishindana na mfuko mweusi wa bei rahisi na akashindwa. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, marufuku ya 2008 ilisimamiwa hadi kwenye mizigo ya wasafiri. Sheria mbili zinazofanana, masoko mawili tofauti. Kuelewa sheria ni pamoja na kuuliza nani anaisimamia, kwa bajeti gani, na amefanya nini hadi sasa.

Wengine watasema wao hawana haja ya kaboni wala umeme, wanauza kakao tu. Hao ndio walio karibu zaidi na hatari. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayokataza kuingiza kahawa, kakao, mafuta ya mawese, mbao na bidhaa nyingine kadhaa zilizotoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Mnunuzi wa Ulaya anapaswa kuonyesha mahali hasa shamba lilipo, na kwa shamba linalozidi hekta nne, mipaka yake yote.

Kwa kahawa ya Kivu au kakao ya Beni na Ituri, kazi hiyo ni nzito. Mashamba ni madogo, ni mengi, hati za ardhi ni chache, na katika vijiji kadhaa kutembea na simu ukipima mashamba kunaweza kukugharimu maisha. Lakini ni kazi ambayo kampuni changa inaweza kuuza: kupima, kutunza kumbukumbu, kuthibitisha. Ushirika wenye ramani ya mashamba yake utakuwa na cha kumwonyesha mnunuzi, na usio nayo utamwachia mfanyabiashara wa kati apange bei.

Kuna gharama ndogo ambazo wajasiriamali huzisahau. Sheria za Kongo zinatoka kwa Kifaransa katika Gazeti Rasmi, na nyingine zinapitishwa na mikoa, hivyo mtu anayefanya kazi zake zote kwa Kiswahili anahitaji wa kumsomea. Sheria ya Septemba 2022 kuhusu ujasiriamali na kampuni changa inatoa nafuu, lakini haimwondolei mwenye mradi wajibu wa uchunguzi wa athari kwa mazingira unaopitia kwa shirika la mazingira la Kongo, ACE. Uchunguzi huo unachukua muda na pesa, na vyote viwili havimo katika mipango mingi ya biashara inayopelekwa kwenye mashindano ya vijana Kinshasa na Goma.

Utekelezaji wa sheria ya Ulaya umeahirishwa mara mbili. Tarehe iliyopo sasa ni Desemba 2026 kwa kampuni kubwa na za kati, na Juni 2027 kwa ndogo. Baadhi ya wanunuzi wakubwa hawakusubiri: tayari wanadai ramani za mashamba kwa wauzaji wao.