Tafakuri ya wasanii wa Kilimanjaro juu ya kazi yao

Tafakuri ya msanii juu ya kazi yake ni desturi ya msanii kujiuliza, kwa maneno au kwa kazi yenyewe, kwa nini anaumba, anaumba kwa njia gani, na kwa ajili ya nani. Tafakuri hiyo ni tofauti na uhakiki. Mhakiki huitazama kazi kutoka nje ikiwa imekwisha kukamilika. Msanii huizungumzia kutoka ndani, mara nyingi wakati bado anahangaika nayo.

Makala hii inaeleza desturi hiyo kwa mfano wa wachoraji watatu waliozaliwa kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kaskazini mwa Tanzania: Sam Ntiro (1923–1993) wa Machame, Elimo Njau (alizaliwa 1932) wa Marangu, na Everlyn Nicodemus (alizaliwa 1954), ambaye pia ni wa Marangu. Wote watatu walichora, na wote waliandika au kufundisha kuhusu uchoraji, lakini kila mmoja alifikia jibu lake.

== Mazingira ==

Kwa Sadala ni mji mdogo wa soko katika Wilaya ya Hai, Mkoa wa Kilimanjaro, kando ya barabara kuu ya Moshi–Arusha. Kusini yake nchi ni tambarare na kame. Kaskazini yake ardhi hupanda kuelekea Masama na Machame, kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye migomba na kahawa kuzunguka nyumba, ambayo tangu zamani yamenyweshwa kwa mifereji iliyochimbwa na wenyeji kwa ushirikiano. Zaidi ya vihamba ni msitu, na juu ya msitu ni kilele cha Kibo. Mandhari hii ya vilima, migomba na watu wanaofanya kazi pamoja ndiyo inayoonekana katika picha nyingi za Ntiro.

Wachagga walikuwa na mafundi wao kabla ya ukoloni: wahunzi, wachongaji na watengenezaji wa vyombo. Fundi aliyetengeneza kata ya kunywea mbege hakuhitaji kueleza kazi yake, kwa sababu kila mtu alijua kata ni ya nini na hutumika lini. Picha ya rangi ya mafuta kwenye turubai ilikuwa jambo jingine. Ilikuja pamoja na shule, misheni na vyuo, na haikuwa na nafasi iliyoandaliwa tayari katika maisha ya kijijini. Mchoraji wa kwanza hakuwa na mzee wa kumwuliza namna ya kuchora wala sababu ya kuchora. Alilazimika kujibu mwenyewe, na hapo ndipo tafakuri ilipoanza kuwa sehemu ya kazi.

== Shule ya Makerere ==

Ntiro na Njau walisoma sanaa katika Chuo cha Makerere, Kampala, ambako mwalimu Mwingereza Margaret Trowell alianzisha mafunzo ya sanaa mwaka 1937. Trowell hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Aliwasimulia hadithi, kisha akawataka wachore yale waliyoyaona akilini mwao. Aliamini kwamba sanaa ya Afrika Mashariki ingekua kutokana na mambo ambayo wanafunzi waliyafahamu nyumbani.

Njia hiyo iliwapa wanafunzi ujasiri wa kuchora maisha yao wenyewe. Hata hivyo ilileta swali gumu: je, mwalimu mgeni anaweza kumwambia mwanafunzi Mwafrika namna ya kuwa Mwafrika? Trowell alipostaafu mwaka 1958, nafasi yake ilichukuliwa na Cecil Todd kutoka Afrika Kusini, ambaye alitilia mkazo zaidi historia ya sanaa ya dunia na ufundi wa kitaaluma. Swali hilo halikuondoka. Lilihamia kwa wasanii wenyewe.

== Sam Ntiro: kuchora kutoka kumbukumbu ==

Sam Joseph Ntiro alizaliwa Machame. Baada ya masomo yake Makerere alibaki hapo kama mwalimu, na katika miaka ya 1950 alisoma Slade School of Fine Art, London. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 alikuwa Balozi wake wa kwanza nchini Uingereza. Baadaye alihudumu kama Kamishna wa Utamaduni wa Tanzania na kufundisha sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Picha za Ntiro huonyesha watu wengi wadogo wadogo wakilima, wakivuna, wakijenga au wakienda harusini. Nyuso zao hazina maelezo mengi. Kinachoonekana ni kundi, si mtu mmoja. Vilima ni vya mviringo, na migomba hupangwa kama mapambo ya kitambaa. Mojawapo ya picha zake, ya mwaka 1956, inaonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi wakati wa usiku. Picha hiyo imo katika mkusanyiko wa Museum of Modern Art, New York.

Pamoja na kuchora, Ntiro aliandika kitabu cha Kiswahili kiitwacho ''Desturi za Wachagga'', kilichotolewa mwaka 1953. Kitabu na picha zake husaidiana kueleweka. Katika kitabu desturi zinaelezwa kwa maneno. Katika picha zinaonekana zikitendeka. Kwa Ntiro, mchoraji alikuwa pia mtunza kumbukumbu wa jamii yake, na kazi za pamoja zilikuwa jambo la kuheshimiwa kwa kuchorwa.

Baadhi ya wahakiki walimlaumu kwamba michoro yake ni ya kitoto na haifuati kanuni za kuonyesha umbali. Lawama hiyo ina upungufu. Ntiro alisoma katika chuo chenye sifa kubwa London, na kanuni hizo alizijua. Aliporudi aliendelea kuchora karibu vilevile kama alivyochora kabla ya kwenda. Kuendelea huko ni jibu lenyewe: msanii anaweza kujifunza jambo, akalipima, kisha akaamua kutolitumia.

== Elimo Njau: kukataa kunakili ==

Elimo Njau alizaliwa Marangu, upande wa mashariki wa mlima. Mwaka 1959 alichora picha tano kubwa za ukutani katika kanisa la Kianglikana la ukumbusho huko Murang'a, Kenya, mji ulioitwa Fort Hall wakati huo. Picha hizo zinaonyesha kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo wake, karamu ya mwisho, mateso ya Gethsemane na kusulubiwa. Watu wote ndani yake ni Waafrika, na nchi ni ile ya Wakikuyu.

Uamuzi huo haukuwa wa mapambo tu. Kanisa lilijengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau, na hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni mwaka 1952 ilikuwa haijaondolewa. Kuchora Kristo Mwafrika akiteswa katika vilima vya Murang'a kulimtaka kila aliyeingia kanisani afikiri upya kuhusu mateso yaliyokuwa yametokea nje ya kuta zake.

Njau anajulikana kwa kauli yake kwamba msanii asinakili, kwa kuwa kunakili humlaza Mungu usingizi. Kauli hiyo ni ya kidini na ya kisanaa kwa pamoja. Ikiwa uwezo wa kuumba ni kipawa kutoka kwa Mungu, basi anayeiga kazi ya mwenzake anakizima kipawa hicho. Njau aliuelekeza ujumbe huu kwa wanafunzi walioiga picha za Ulaya, na pia kwa wachongaji waliorudia kinyago kilekile kwa ajili ya watalii.

Fikra hizo alizijengea taasisi. Katika miaka ya 1960 alianzisha Kibo Art Gallery huko Marangu, ili sanaa iwe karibu na wakulima wa mlimani badala ya kubaki mijini. Mwaka 1965, pamoja na wenzake wakiwemo Rebeka Njau, Jonathan Kariara na Pheroze Nowrojee, alianzisha Paa ya Paa jijini Nairobi. Jina hilo linachezea neno la Kiswahili: paa ni mnyama wa jamii ya swala, na kupaa ni kwenda juu. Moto uliotokea mwaka 1997 uliteketeza sehemu kubwa ya kazi zilizohifadhiwa hapo, lakini kituo kiliendelea.

== Everlyn Nicodemus: msanii anayejieleza mwenyewe ==

Everlyn Nicodemus alihamia Sweden mwaka 1973 na kusoma anthropolojia ya jamii katika Chuo Kikuu cha Stockholm. Hakuridhika na namna taaluma hiyo ilivyowatazama watu, hasa Waafrika, kama vitu vya kuchunguzwa. Akageukia uchoraji na ushairi. Maonyesho yake ya kwanza yalifanyika mwaka 1980 katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Kati ya 1984 na 1986 alifanya mradi kuhusu wanawake katika nchi tatu: Denmark, Tanzania na India. Katika kila mahali alikutana na wanawake, wakazungumza kuhusu maisha yao, kisha akachora na kuandika mashairi kutokana na mazungumzo hayo. Kwa njia hii alibadilisha uhusiano uliomkera katika anthropolojia: wanawake hao walikuwa wasemaji, naye msikilizaji.

Nicodemus ameandika pia makala nyingi za kitaaluma, zikiwemo katika jarida la ''Third Text'' la London, akipinga dhana kwamba sanaa ya kisasa ni ya Ulaya na kwamba Afrika imebaki na sanaa ya jadi tu. Mwaka 2012 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Middlesex kwa utafiti kuhusu sanaa ya kisasa ya Afrika na majeraha ya kihistoria ya watu Weusi. Ubaguzi alioupata akiishi Ulaya ulimwathiri kiafya, na uzoefu huo umekuwa mada ya picha zake na maandishi yake.

Picha yake ya nafsi ya mwaka 1982, ''Självporträtt, Åkersberga'', inaonyesha nyuso kadhaa zinazoingiliana. National Portrait Gallery ya London iliipata mwaka 2022, ikiwa picha ya kwanza ya nafsi ya mwanamke Mweusi iliyochorwa kwa rangi kuingia katika mkusanyiko wake. Maonyesho makubwa ya kazi zake za miaka mingi yalifanyika Edinburgh, mji anaoishi, mwaka 2024–2025.

== Njia za tafakuri ==

Kutokana na mifano hii, njia zifuatazo zinaonekana:

* '''Maandishi''': vitabu, makala na mashairi, kama ya Ntiro na Nicodemus.
* '''Ufundishaji''': mwalimu hulazimika kueleza kwa maneno yale ambayo mkono wake hufanya kwa mazoea.
* '''Kuanzisha taasisi''': Kibo Art Gallery na Paa ya Paa zilionyesha kwa vitendo imani ya Njau kuhusu mahali pa sanaa.
* '''Kazi yenyewe''': picha ya nafsi, au uamuzi wa kushikilia mtindo fulani, ni tafakuri isiyo na maneno.

Leo wasanii wengi huombwa pia kuandika maelezo mafupi ya kazi zao kabla ya maonyesho. Vituo kama Nafasi Art Space, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2008, huwakutanisha wasanii ili watazamane kazi na kuzijadili.

== Hoja zinazobishaniwa ==

Hoja ya kwanza inahusu kunakili. Mtindo wa Tingatinga, ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, umeenea kwa njia ya mwanagenzi kumfuata fundi wake. Wachoraji wengi wamelisha familia zao kwa njia hiyo. Kwa mtazamo wao kurudia si kumlaza Mungu usingizi, bali ni kujifunza na kuishi. Upande wa pili hujibu kwamba mwanagenzi asiyefika siku ya kuachana na mkono wa fundi wake hajamaliza kujifunza.

Hoja ya pili ni kama msanii ndiye msemaji bora wa kazi yake. Maelezo ya msanii hayawezi kuchukuliwa kama ukweli wote, kwa kuwa picha huweza kusema zaidi ya alivyokusudia mchoraji. Lakini historia ya sanaa ya Afrika Mashariki inaonyesha hatari iliyo upande wa pili. Kwa muda mrefu kazi za wasanii wa eneo hili zilielezwa na wageni, na mara nyingine majina ya walioziumba hayakuandikwa. Pale ambapo msanii ameacha maelezo yake mwenyewe, msomaji ana kitu cha kulinganisha na maneno ya wengine.

== Tazama pia ==

* Wachagga
* Tingatinga
* Chuo Kikuu cha Makerere
* Uchoraji