Sufuria ya Shaba na Bati Lililomo Ndani Yake

Katika nyumba nyingi za pwani yetu, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja na Pemba, zingalipo sufuria kubwa za shaba zilizorithiwa kutoka kwa mabibi. Hutolewa siku ya harusi, hitima au maulidi, zikapikiwa pilau au biriani ya watu mia, kisha zikarudishwa stoo hadi shughuli nyingine. Hatukusudii kumtaka mwenye chombo kama hicho akigeuze pambo. Tunakusudia kueleza kwa nini sufuria mbili za shaba zinazofanana kwa nje zinaweza kutofautiana kabisa kwa usalama, na ni jambo gani mtumiaji anapaswa kulichunguza kabla ya kuweka chombo motoni.

Sifa ya shaba jikoni ni ya haki. Hupitisha joto kwa wepesi unaozidi ule wa chuma cha pua kwa zaidi ya mara ishirini, na kwa hiyo moto huenea sawasawa kitako kizima na chakula hakishiki upande mmoja. Lakini shaba ina tabia nyingine, nayo kila aliyewahi kuisugua anaijua: ukwaju au ndimu yenye chumvi huing'arisha kwa dakika chache. Mng'ao huo hutokea kwa sababu asidi imeyeyusha tabaka la juu la madini lililofifia na kuliondoa. Ukwaju ule ule ukichemshwa ndani ya sufuria ya shaba tupu hufanya kazi ile ile, isipokuwa safari hii kilichoyeyuka hubaki katika mchuzi. Nyanya, siki, mtindi, embe mbichi na maji ya ndimu vyote vimo katika kundi hili. Anayekula chakula chenye shaba nyingi hupata kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na kuharisha, mara nyingi muda mfupi baada ya kula.

Ndiyo maana wahenga walizitia sufuria zao bati kwa ndani. Bati safi halidhuru chakula, wala haliathiriwi upesi na asidi, na utando wake mwembamba hutenga shaba na mchuzi. Utando huo una udhaifu wake. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 232 za Selsiasi, kiwango ambacho sufuria tupu iliyoachwa juu ya moto mkali hukifikia kwa dakika chache tu. Kwa hiyo tunashauri maji, mafuta au chakula kitangulie ndani ya sufuria kabla ya kuwashwa moto, na ukaangaji wa mafuta makali ufanyike katika kikaango cha chuma. Mwiko uwe wa mti. Ukoko ulioganda ulowekwe kwa maji ya moto hadi ulainike, wala usikwanguliwe kwa kisu, mchanga au nyuzi za chuma. Majivu na ndimu viishie nje.

Bati likigeuka rangi na kuwa la kijivu lisimtie mtu wasiwasi, kwa kuwa ndivyo linavyozeeka. Cha kuangaliwa ni wekundu. Palipo na wekundu ndani ya sufuria, shaba imefichuka, na chombo hicho kisipikiwe kitu chenye uchachu hadi kitiwe bati upya. Palipo na ukijani, kutu ya shaba imekwisha kuanza, na kisipikiwe chochote.

Hapa ndipo penye hatari tunayoiona kuwa kubwa kuliko zote. Fundi mwema huisafisha sufuria, huipasha moto, huinyunyizia unga wa kloridi ya amonia ili bati lishike, kisha huligusisha bati na kulisambaza kwa pamba likiwa bado maji. Bati safi ni ghali. Risasi ni rahisi, na ikichanganywa na bati hung'aa vilevile. Waya wa kulehemia unaotumiwa na mafundi wa redio kwa kawaida ni mchanganyiko wa namna hiyo. Sufuria iliyopakwa mchanganyiko huo inapendeza machoni, na ni bora ingebaki na shaba yake tupu. Shaba humtahadharisha mtu kwa kumtapisha, ilhali risasi haina ladha wala harufu, na hujilimbikiza mwilini. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi kilicho salama. Watoto wadogo huifyonza mara nne hadi tano zaidi ya watu wazima, nayo huwadhuru ubongo.

Mwombe fundi akuonyeshe mche wa bati kabla hajauyeyusha. Mche mwembamba wa bati safi ukikunjwa karibu na sikio hutoa mlio wa kukwaruza, lakini wa risasi hukunjika kimya. Hiyo ni dalili tu, wala si uthibitisho, na asiyeridhika ana haki ya kuondoka na sufuria yake. Lugha nayo hutuchanganya kidogo: bati la paa na la ndoo si bati hili. Lile ni chuma kilichopakwa zinki, na zinki huyeyuka katika uchachu. Maji ya ukwaju au juisi ya malimau isikorogwe katika ndoo ya namna hiyo, hata kama ni mpya.

Anayekodi sufuria za shughuli azikague mchana, kwenye mwanga, akipitisha mkono ndani hadi kitakoni. Chakula kikiiva kipakuliwe, kisilale humo.

Wengi wameiacha shaba na kununua sufuria za alumini zinazosubuliwa mitaani. Tunathamini kazi ya mafundi hao, ila malighafi yao ni vyuma chakavu, yakiwemo mabaki ya injini na rejeta, na humo risasi huweza kuingia. Utafiti wa sufuria za aina hiyo nchini Kameruni, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta risasi ikitoka chomboni na kuingia katika kimiminika chenye asidi kilichochemshwa humo. Kuzisugua hadi zing'ae kila siku huzidi kufichua madini mapya. Kwa vyakula vyenye uchachu, na hasa kwa uji wa ndimu wa mtoto, ni afadhali chungu cha chuma cha pua.

Mwenye shaka kwamba familia yake imetumia chombo chenye risasi akiweke kando na kuwapeleka hospitali watoto na mama mjamzito, akieleza chombo chenyewe na muda kilichotumika. Daktari akiona inafaa ataagiza damu ipimwe, kwa kuwa mtoto anaweza kuonekana mzima ilhali risasi imo.